Mama wa Ngazini, Jioni ya Sabato

Ijumaa ile, saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, jua lilinizamia nikiwa bado nje ya hoteli yetu, Dubai Marina, nashangaa mashua za matajiri. Najua utasema nimetunga. Mimi hata darasani naogopa kuinua mkono. Ujasiri wa kutunga uongo ningeutoa wapi?

Tulikuwa vijana wa Kiyahudi kutoka Kenya na Uganda, tumekuja kukutana na wenzetu wa nchi nyingine na kujifunza pamoja mambo ya mababu zetu. Hiyo ndiyo ilikuwa Sabato yetu ya kwanza pamoja. Na ni mimi, jamani, niliyepangiwa kuanzisha wimbo wa kuwakaribisha malaika mezani, kwa tuni ya shosho, bibi yangu, maana hakuna mwingine aliyeijua.

Sasa, Sabato huingia jua la Ijumaa likizama, na ikishaingia sisi hatubonyezi lifti, maana umeme hatuuwashi. Kadi ya mlango pia hatugusi. Wenzangu walikuwa wamepanda mapema. Mimi nikabaki na ngazi hadi ghorofa ya kumi na nne. Nilianza kupanda nikifurahi kisirisiri. Nikichelewa, si ataimba mtu mwingine?

Katikati nikamkuta mama amekaa kwenye ngazi, amevaa dera la maua.

"Mbona pumzi juu juu, mwanangu?" Kiswahili, tena cha Unguja!

"Shikamoo. Nimechoka tu."

"Marahaba. Umechoka ama unaogopa kuimba?"

Niamini, sikuwa nimemwambia lolote. Nikaangalia miguu yake haraka. Usicheke, hata wewe ungeangalia. Si kwato za jini, ni patipati za bluu. Lakini aliposimama akaanza kupanda nami, hazikutoa sauti hata kidogo.

Kisha akaimba. Tuni ya shosho! Hata pale shosho anapokosea, akishusha sauti badala ya kupandisha, naye alishusha. Nani alimfunza? Sikuuliza. Niliimba naye, nikikatika pumzi, tukicheka.

Juu, mlango ulikuwa umefungwa, na upande ule haufunguki bila kadi. Mama akausukuma kwa kidole kimoja.

"Ingia. Wanakungoja."

Nikavuka, nikageuka kumshukuru. Ngazi tupu.

Mezani niliimba. Sauti ilitetemeka ubeti mmoja tu, kisha wenzangu wakaidaka, wakagonga meza mpaka vijiko vikaruka. Nilipowasimulia, Tirza, rafiki yangu wa Mbale, akakunja uso.

"Lakini malaika wa Ijumaa humsindikiza mtu wakiwa wawili. Mwingine alikuwa wapi?"

"Huyo alipanda lifti!" akasema dada Devora, kiongozi wetu. Tulicheka hadi machozi.

Siku hizi naimba mbele za watu bila kusukumwa, ila nikiwa peke yangu ngazini mwili hunisisimka. Nawe nakuonya: ukikutana na mgeni anayeujua wimbo wa kwenu, imba naye, lakini usiwe na haraka ya kusema ulikuwa peke yako.

Maana asubuhi yake nilishuka kwa miguu hadi kwa mlinzi, kaka mmoja wa Tanga, nikamuuliza kama kamera za ngazini zilimwona mama yeyote.

"Mama gani, mdogo wangu? Nilikuona wewe tu, unaimba na kucheka. Ila kila kona ulikuwa unampisha mtu."

Nikamshukuru, nikarudi ngazini. Nikapanda taratibu, nimejibana ukutani, nikiimba kwa sauti kubwa kabisa.