Vioo vya Mzee Lameck

Mzee Lameck hakuwahi kumpa mtu kioo bila kukipumulia kwanza. Alikishika kwa ncha za vidole, akakihemea, akatazama ukungu unavyoondoka. Ukiondoka sawasawa kote, kioo ni safi. Ukibaki vipande vipande, alikirudisha kwenye beseni. Hata glasi ya chai kantini aliifanyia hivyo, na miwani ya binti yake Ruthu pia.

Kazi ya vioo aliianzia mtaa wa Majengo, akikata vya madirisha na vya fremu za picha. Chuo kikuu kilipomwajiri, akapewa kuosha vipande vidogo kuliko kiberiti vya maabara ya Dokta Violeth. Violeth alivipaka utando wa njano, mwembamba mno, ambao ukitiwa majini na kupigwa na jua hutoa umeme wa kuyatenganisha maji hayo, ikapatikana gesi ya haidrojeni. Hakupaka kwa brashi. Kioo kilifungiwa ndani ya chungu cha chuma kilichonyonywa hewa. Mwanga wa leza ulipita kwenye kidirisha cha kioo ubavuni mwa chungu, ukapiga kidonge cha madini, na chembe zilizoruka zikatua juu ya kioo.

"Mzee, unapoza chai?" Brighton, mwanafunzi mmoja, alipenda kumtania.

"Napoza ujinga wako, mjukuu wangu."

Kisha mwaka mmoja tando zikaanza kutoka na mabaka, umeme ukawa kiduchu. Violeth aliipima leza kila asubuhi, kabla mwanga haujaingia kwenye chungu, na namba haikubadilika. Basi kosa, akaamua, liko kwenye vioo. Msimu ule maji yaliyochujwa yalikuwa haba, na chumvi ya maji ya bomba ya Dodoma nani asiyeijua? Akamwuliza Mzee Lameck mbele ya wanafunzi wote.

"Mzee, sema tu. Umesuuzia maji ya bomba?"

"Hapana, Dokta."

"Hata mara moja? Labda ulichoka."

"Dokta, maji ya bomba mimi nanawia uso."

Wanafunzi wakacheka. Violeth akahisi anachekwa yeye. Jioni hiyo akaandika barua, na Mzee Lameck akahamishiwa stoo, kugawa chaki na karatasi. Wiki haikuisha kabla habari haijafika Majengo. "Lameck, eti umeshindwa kuosha kioo?" mafundi wenzake wa zamani walimpigia kelele. Akaacha kupita mtaa ule. Mwaka haujaisha, akaomba kustaafu mapema.

Miezi miwili baada ya kuondoka kwake, mwanafunzi aitwaye Anyitike alikifungua kile kidirisha cha chungu ili abadilishe mpira unaokizibia hewa.

"Dokta, njoo uone."

Kidirisha kilikuwa cha kahawia. Chembe zilikuwa zikitua hapo pia, kidogo kidogo, zikauziba mwanga. Kipimo kilichokaa nje kingejuaje? Wakakisugua. Utando uliofuata ulitoka na njano iliyokolea, na umeme ukarudi.

Violeth alikaa na jambo hilo wiki mbili, akila bila kujua anakula nini. Ndipo akachukua bajaji hadi Nkuhungu, nyumbani kwa Mzee Lameck. Alimkuta mzee amejifunika blanketi mchana wa jua, kifua kimembana.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Dokta. Umeme umepatikana?"

Akamweleza yote, machozi yakimtoka.

Violeth angeweza kuwaambia wenzake kesho yake. Alisubiri mkutano wa idara, na mkutano ukaahirishwa, kisha ikaja mitihani. Alipolisema hatimaye, Mzee Lameck alikuwa na wiki tatu kaburini. Brighton, aliyewawakilisha wanafunzi mkutanoni, aliinamisha kichwa. Mwenyekiti akashukuru, wakaingia ajenda ya pili. Na mtaa wa mafundi vioo Majengo, Violeth huuzunguka kwa mbali hadi leo.

Siku ile Nkuhungu, mzee alijikongoja kumsindikiza hadi mlangoni.

"Mimi mbona nilijua vioo ni safi, mwanangu," alimwambia. "Hayo kawaambie wanafunzi. Na Majengo upite."