Jina la Nasike Halizikwi

Nasike anashona magunia yaliyotoboka katika ghala moja la mahindi hapa Kitale. Ana miaka hamsini na minne. Ukimwona ameinama na sindano yake ndefu, hutadhani kwamba mama huyu amechekesha masoko yote ya mpakani kuanzia Suam hadi Lwakhakha. Kwa miaka ishirini yeye na wenzake waliigiza michezo ya afya: leo neti za mbu, kesho chanjo. Hakuna aliyewaandikia maneno. Waliambiwa ujumbe, wakashuka garini, wakaanza. Nasike akiigiza mlevi, hata walevi wenyewe waliona aibu.

Mwaka jana mwalimu Mathenge alikuja kutoka Nairobi akafungua madarasa ya uigizaji, kila Jumamosi, kwenye ukumbi wa kanisa. Makundi yalikuwa mawili, la wanaoanza na la wazoefu. Wazoefu wangeigiza Bungoma mwezi wa Agosti, na Bungoma ndiko kwao Nasike. Alitaka jambo hilo moja tu: dada zake wamwone jukwaani. Kazi yake hawakuwahi kuiona, na miaka yote walisema anazurura.

Mathenge alimwuliza cheti. Hakuwa nacho. Akamwandika kwa wanaoanza, pamoja na mimi ambaye hata ushuhuda kanisani sijawahi kutoa.

"Ukifanya vizuri nitakupandisha, sawa mama?" alimwambia, kama anayeongea na mtoto wa nasari.

Akavumilia wiki sita. Tulifundishwa sheria moja: mwenzako akikupa jambo usilikatae, lipokee uliendeleze. Nasike aliijua sheria hiyo kabla Mathenge hajaota ndevu.

Wiki ya saba ndiyo ilikuwa ya kupandishwa. Mathenge akatandika mkeka.

"Leo ni matanga. Kila mtu atumie jina lake halisi, ndio uchungu utoke moyoni. Mama Nasike, wewe ndiwe maiti. Lala hapo. Nyinyi wengine mlilieni."

"Maiti naweza kuwa," Nasike akasema. "Lakini nipe jina lingine. Sisi kwenye michezo yetu tulikuwa tunampa marehemu jina ambalo hakuna mtu analo."

"Ukikataa unaua mchezo."

"Hili ni jina la nyanya yangu. Nilipewa yeye akiwa kaburini. Hamwezi kulizika nikiwa nasikia."

"Si ni mchezo tu, mathe," kijana mmoja, Kipkorir, akasema. Watu wakacheka.

"Ndiyo maana bado uko kwa wanaoanza," Mathenge akamwambia. Kisha akanigeukia. "Wewe, anza kulia."

Na mimi nikalia. Nilipiga magoti kando ya mkeka mtupu nikasema, "Woi, Nasike ametuacha." Mathenge ananikasirisha mpaka leo, lakini maneno hayo yalitoka kwa mdomo wangu.

Nasike alinitazama. Akavua viatu, akapiga magoti karibu nami, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Haya, nimepokea," akasema. Halafu akatoa sauti iliyowaleta mbio akina mama waliokuwa wakiosha vyombo nje. "Woi! Woi Mathenge! Mwalimu wetu Mathenge! Asubuhi si ulikunywa chai, mbona umelala hapa umenyamaza? Mama yako tutamwambia nini?"

"Mama, wacha."

"Chimbeni kaburi, bana! Mathenge ameanza kuwa baridi!"

"Nimesema wacha! Mama yangu ni mgonjwa! Usitaje jina langu hivyo!"

Nasike akainuka, akapangusa magoti. Macho yake yalikuwa makavu.

"Unakataa?" akamwuliza. "Si umesema anayekataa anaua mchezo? Basi njoo na wewe huku kwa wanaoanza."

Jumamosi iliyofuata orodha ilibandikwa mlangoni. Kipkorir alikuwa amepandishwa. Na mimi nilikuwa nimepandishwa, na mbele ya jina langu Mathenge alikuwa ameandika, "Analia vizuri." Nasike alikuwa amebaki palepale kwa wanaoanza. Alisoma, akatema mate chini, akarudi kwa magunia yake.

Niliibandua karatasi hiyo nikaipasua. Bungoma sikwenda. Wengine walienda, wakapigiwa makofi, na dada zake Nasike bado wanasema anazurura.