Faru wa Remigius

Remigius wa Endamarariek alikuwa na faru wake binafsi. Madereva wengine wa watalii huzunguka kreta ya Ngorongoro kutwa nzima wakimtafuta faru mmoja. Wa kwake aliishi ndani ya jicho la kulia, doa jeusi, nene, lenye kupenda matembezi.

Siri ilitoka siku aliposhika redio ya gari na kutangaza kwa lafudhi ya msomi, "Faru, upande wa msitu wa Lerai." Magari kumi na moja yalifika mbio, vumbi likameza nyumbu. Wageni wakatoa kamera. Remigius akageuza jicho kushoto. Faru naye akaenda kushoto, akapanda ukuta wa kreta, akapotelea mawinguni.

"Mzee Remi," dereva mwenzake Issa akauliza redioni, kila gari likisikia, "huyo wa kwako anatua saa ngapi?"

Bosi akampa mwezi mmoja: macho yapone au aache usukani. Remigius akakimbilia hospitali. Daktari alimwambia wazi kwamba leza, mwanga mkali wa kuvunja doa, huenda isisaidie sana, lakini yeye alisikia neno leza tu, akaenda kunyoa ndevu kabisa, kama bwana harusi. Leza ikalivunja lile doa vipande vitatu.

"Umekwenda kuondoa faru mmoja," mkewe Germana akasema, "umerudi na ukoo."

Sasa daktari alikuwa na pendekezo la pili: kutoboa jicho na kunyonya ute wote wa ndani, vidoa vitoke nao. Wengi huona safi. Ila mtoto wa jicho huweza kuja mapema, na mara chache pazia la nyuma hubanduka, jicho likazima. Alitaka jibu Ijumaa.

Remigius akalipima jambo kitaalamu: akafumba jicho la kulia, akalenga kikombe, akamimina chai juu ya meza.

"Likizima, Mama Eva, bosi ataniweka kuosha magari."

"Nayo utaosha upande mmoja." Germana akafuta meza. "Baba Eva, hao wa kwako ukigeuza jicho si wanakimbia? Sasa faru wa serikali atakimbiaje kwa sababu ya jicho lako?"

Remigius, aliyewahubiria wageni habari za macho ya tai kwa miaka ishirini na miwili, hakuwa amewahi kufikiria hilo.

Alhamisi akashuka kreta na bibi mmoja mgeni na mumewe. Mbali, karibu na ziwa, likatokea doa jeusi. Mkono ukaenda kwenye redio wenyewe, akaurudisha. Akageuza jicho kushoto. Doa likabaki. Kulia. Likabaki. Vile vitatu vilipita mbele yake vikielea kama walevi, lenyewe halikutikisika. Akampa bibi darubini, akangoja.

"Jiwe," bibi akasema, akijivunia Kiswahili chake.

"Jiwe kweli? Kule nje? Chini kabisa?"

"Jiwe," bibi akarudia, akimsogelea mumewe, maana dereva alikuwa anacheka peke yake.

Ijumaa Remigius akapiga simu: upasuaji usubiri, kazi ataiweza; vidoa vikiongezeka ghafla atakuja siku hiyohiyo.

"Nini kimekufanya uamue?" daktari akauliza.

"Nimeona jiwe, daktari."

Upande wa pili karatasi zikaanza kufunuliwa.

"Moja tu," Remigius akaongeza haraka, asije akaandikiwa leza nyingine.