Macho ya Lempi

Kwenye miji ya machimbo ya chuma, kaskazini mwa Minnesota, mtu akisema risasi zake zimejazwa na Arvid Lehtola, hakuna aliyebisha. Arvid alichimba chuma miaka thelathini na mmoja, na tangu astaafu kazi yake ilikuwa kuzirudishia ujana bunduki za vita vya zamani. Aliivua bunduki ubao wake, akakipaka chuma masizi ya taa, akakirudisha ubaoni, akakitoa tena, kisha akakwangua ubao kila mahali masizi yalipoacha alama pasipotakiwa. Baada ya wiki nzima chuma kilitulia ndani ya mti, hakichezi hata kidogo. Alijivuna kwa kazi hiyo, tena sana, na sidhani kama alikosea.

Ila kujaza risasi hakukuwa kazi yake peke yake. Kwa shabaha ya karibu alitia baruti kidogo tu, isiyofika hata robo ya ganda la risasi. Hatari iko hapo hapo: vipimo viwili huingia kwenye ganda moja bila kumwagika, na risasi ya namna hiyo huipasua bunduki usoni pa mpigaji. Kwa hiyo kabla hajayaziba maganda, mkewe Lempi alikuja na tochi, akachungulia moja moja, na kwa kila moja akasema, "Sawa." Walifanya hivyo miaka ishirini na sita. Lempi alifariki mwezi Machi.

Mei, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, klabu ilifanya mashindano yake. Arvid alijaza risasi hamsini, akampa rafiki yake Waino Kangas kumi. Waino alikuwa amelala kifudifudi, ameshapiga moja, Arvid akisubiri zamu kwenye benchi, mtu alipopita na birika la kahawa.

Harufu ile ilimrudisha jikoni kwake. Jana yake aliinuka katikati ya kazi kuiepua kahawa. Aliporudi, alianzia ganda lipi? Hakumbuki. Alichokumbuka ni kwamba alikaa akisubiri mtu aseme "sawa", kisha akajionea aibu, akayaziba yote bila kuchungulia.

Akisema, jina lake limekwisha mbele ya klabu nzima. Akinyamaza, labda hakuna lolote. Waino akapiga ya pili, akaingiza ya tatu.

"Acha! Waino, toa kidole!"

"Una nini, mzee? Mbili zimepita tundu moja, ndiyo wivu umekupanda?"

"Toa kidole, nimekwambia! Hizo risasi sina hakika nazo."

Mtu akauliza kutoka nyuma, "Wewe, Arvid? Wewe?"

"Mimi. Sikuchungulia."

Waino aliitoa ile ya tatu bundukini, wakaondoka wote wawili hadi jikoni kwa Arvid. Waliing'oa kichwa ile risasi ya tatu kwanza, wakamwaga baruti yake kwenye mizani. Mkono wa mizani ulipanda hadi juu, ukagota. Vilikuwa vipimo viwili.

Waino alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nilikuwa nimeshaanza kubonyeza, Arvid."

Arvid alilia. Hakulia hivyo hata makaburini. Alipomaliza akaisukuma mizani upande wa mwenzake.

"Chukua. Chukua na baruti. Mimi basi tena."

"Nikafanyie nini, nipikie uji?" Waino aliirudisha, akaenda kuitoa tochi ya Lempi kwenye msumari karibu na mlango. "Tung'oe hizi zote. Halafu utajaza upya, mimi nitaangalia."

Walizing'oa zote, na zilizobaki zote zilikuwa salama. Arvid akajaza tena. Waino akainama na tochi.

"Sawa. Sawa. Sawa. Sawa."

"Polepole, bwana," Arvid alisema. "Lempi hakuwa na haraka."

Waino akarudi kwenye ganda la kwanza.