Ng'ombe wa Lea na Msomi wa Mawe

Andendekisye, mtoto wa marehemu kaka yangu, alikwenda Ulaya kusoma mawe. Ndiyo, mawe. Haya haya tunayoyang'oa shambani kwetu Tukuyu na kuyatupa mpakani. Serikali ilimlipia ada, lakini nauli ya meli, makoti ya baridi, viatu na sanduku vilikuwa juu yetu. Nasi tulikuwa na nini? Tulikuwa na Lea, mdogo wake.

Mwaka 1953 tukapokea mahari ya Lea, ng'ombe saba, kutoka kwa Yotamu, nyapara wa mashamba ya chai aliyekaa Nyololo. Ng'ombe wale hawakulizoea hata zizi letu, wakauzwa wote. Andendekisye akapiga magoti mbele ya mama yake, akasema, "Mama, ng'ombe wa Lea ni deni langu." Nilisikia kwa masikio yangu. Na kwetu nani asiyejua? Aliyekula ng'ombe wa dada yake, ndoa ile ikivunjika, yeye ndiye wa kuwarudisha.

Mwaka 1957 akarudi na digrii. Lo, bwana mkubwa! Akapewa ofisi Mbeya, nyumba yenye vioo, na mshahara ambao mimi sijawahi kuushika kwa mavuno ya kahawa ya mwaka mzima. Kazi yenyewe? Kugonga miamba kwa kinyundo, kuokota kipande, kukilamba kama mbuzi alambavyo magadi, kisha kuandika. Kwa hayo akanunua gramafoni na suti tatu.

Lea wakati huo alikuwa anapigwa. Yotamu alikuwa mlevi, na fimbo ya unyapara alirudi nayo nyumbani. Alipomng'oa meno mawili tulituma watu. Akajibu, "Nirudishieni ng'ombe wangu, mchukue mtu wenu."

Nikaenda Mbeya. Andendekisye alinipa chai, akazima gramafoni, akavuta karatasi.

"Baba mdogo, mambo haya hamyaelewi. Miaka minne sikuingiza hata senti. Lazima kwanza nifidie hasara yangu. Tena mzungu mwenye digrii kama yangu analipwa mara mbili."

Hapo alisema kweli, na wanaolipa hivyo walaaniwe. "Lakini mzungu huyo," nikamwambia, "hakuvaa koti la Lea."

Akacheka. Akachukua jiwe mezani. "Hili lina miaka mamilioni, baba. Lea hawezi kusubiri mwaka mmoja, miwili?"

Pyuu! Nilitamani limdondokee mguuni. Mtu anapima umri wa jiwe, dadaye anayevuja damu hamwoni! Niliondoka bila kuaga.

Haukupita hata msimu mmoja, akaniita. Amepata mchumba Iringa, Tekla, mwalimu, binti wa mzee Kalinga. Fedha za mahari zilikuwa tayari, zimefungwa kwenye kitambaa cheupe.

"Mila ni mila, baba mdogo. Nenda ukanitolee."

Mila! Leo ameikumbuka. Hasara aliyokuwa akiifidia imekwisha lini? Nikazipokea, nikasema, "Sawa, mwanangu," nikapanda lori.

Mungu ni shahidi, tulipoipita Makambako bado nilikuwa naenda Iringa. Lori likasimama Nyololo kutia maji kwenye injini. Nikashuka kumsalimia Lea. Alitoka jikoni, jicho moja limefumba kwa uvimbe, akapiga magoti kunisalimu, mkono umeziba mdomo ili nisione pengo. Kisha akaniuliza polepole, "Baba, kaka ametuma wale ng'ombe?"

Nikamtazama. Nikasema, "Ndiyo, mwanangu. Ametuma."

Nikamwita mzee wa kanisa na majirani. Mbele yao nikafungua kitambaa, nikamlipa Yotamu thamani ya ng'ombe saba. Alizihesabu, akarudia, harufu ya pombe ikimtoka, akasema hana neno tena. Lori liliondoka kuelekea Iringa bila mimi. Mimi na Lea tukasubiri la kurudi Mbeya.

Andendekisye alikuwa barazani, suti imenyooshwa. "Mzee Kalinga amesemaje?"

"Sikufika kwa Kalinga."

"Na fedha zangu?"

"Hizo hapo. Zimesimama mbele yako."

Akamtazama Lea, jicho lile, kijifurushi kile cha nguo. Nilidhani angalau atamwambia pole. Hata! Akanigeukia.

"Baba mdogo, umemlipa Yotamu fedha zote hizo. Alikupa risiti?"

Lea akauondoa mkono mdomoni. Akamsogelea kaka yake, akafungua kinywa akamwonyesha pengo.

"Risiti hii hapa, kaka," akasema. "Isome."