Pini ya Saba, Ukihesabu kwa Chini

Nauza nyaya na vipuri sokoni Mpanda, na kila kitu nakihesabu mara mbili. Siyo kwamba siwaamini wateja. Hata mwenyewe sijiamini sana. Kwa hiyo shemeji, mdogo wa kike wa mke wangu, aliponiita kwao Misunkumilo nimsaidie kuunga nyaya za kigari chake, niliona ameita mtu anayefaa.

Kigari kilikuwa na magurudumu manne, betri ya pikipiki na bodi yenye ubongo wa kompyuta, kubwa kama kiberiti. Kazi yake ilikuwa kubeba dumu la maji kutoka bombani hadi kwenye kitalu cha nyanya cha mama yao, mama mkwe wangu. Nyonga ilikuwa imemkataza kubeba ndoo. Asubuhi ya pili yake shemeji alikuwa apande treni ya Tabora, akasome miezi mitatu. Bodi ilikuwa hiyo moja. Ikiungua, mama anabaki na ndoo.

Ukingoni mwa bodi kulikuwa na pini kumi na mbili za kuongezea vifaa. Humo ndimo ulimokuwa mlango wa siriali, na hapo ndipo tulipotaka kuunga kipokezi cha kusikiliza amri za simu ya mama. Vifaa hivyo huongea kwa nyaya mbili: mdomo wa hiki unaungwa kwenye sikio la kile, na wa kile kwenye sikio la hiki. Ukiunga mdomo kwa mdomo, kila mmoja anasema na hakuna anayesikia, kama kikao cha ukoo. Sikio la bodi lilikuwa pini ya saba. Ya sita, jirani yake, ilibeba umeme wa betri wenyewe.

Nikaigeuza bodi, maana kulehemu ni kwa chini. Nikahesabu kutoka kushoto hadi saba. Nikarudia, saba. Nikatia wino mwekundu.

"Tayari. Nimehesabu mara mbili."

"Ukiwa upande gani, shemeji?"

"Wa kulehemu. Kuna mwingine?"

"Mchoro umechorwa kwa juu. Ukiipindua, kushoto kunakuwa kulia. Hapo umekosea mara moja, halafu ukarudia."

Nilijaribu kupatana naye, labda waliotengeneza walishaliona hilo. Hakupunguza hata pini moja. Alichukua mita, ile inayolia ncha zake mbili zikigusa njia moja ya umeme, akagusisha ncha moja juu kwenye pini ya saba, nyingine chini kwenye wino wangu. Kimya. Akasogeza ile ya chini pini moja tu, mita ikalia. Wino wangu ulikuwa umekaa kwenye umeme wa betri.

Mama mkwe alikuwa mlangoni anachambua mchele. "Huyu ndiye anayeuzia watu nyaya?"

"Ndiye, mama," shemeji alijibu.

"Poleni watu wa Mpanda."

Kwa mama mkwe hakuna kupatana bei.

Basi nikakaa kumtazama binti akifanya kazi. Pini zote kumi na mbili alizipima juu na chini, hata zile ambazo hatukuzihitaji, na treni inamsubiri. Nimewaona mafundi wengi, wengi wao wana haraka kuliko mteja. Huyu alishika pasi ya kulehemu kama kalamu, na kila tone la risasi liliiva likang'aa, dogo kama punje ya ulezi. Alipomaliza alipima tena, ndipo akaunga betri.

Mama alibonyeza simu. Kigari kikarudi nyuma, kikaingia kwenye banda la kuku. Ni nyaya za mota tu zilizoungwa kinyume, shemeji akazigeuza. Mama akabonyeza tena. Kikaenda na dumu lake hadi kitaluni, kikasimama.

Mama alijikongoja kukifuata kwa fimbo, akachota kopo moja, akamwagia miche. Akachota la pili.

"Haya, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Kapange begi."