Qali na Barabara Iliyohama

Kwenye ramani iliyobandikwa ukutani katika shule niliyosomea Garissa, barabara ya Mandera ilikuwa mstari mmoja mwekundu, umenyooka kama uliochorwa kwa rula: Garissa, Modogashe, Habaswein, Wajir, El Wak, Mandera. Aliyeichora hajawahi kupanda lori la Mandera, naapa. Lami inaishia mjini. Ukishaipa Garissa mgongo, barabara ni pale alipopita dereva wa jana, na mvua ikinyesha ni pale dereva wa leo atakapoamua. Kuna mahali utakuta njia kumi zimelala sambamba vichakani, zote zinaitwa barabara ya serikali, na hujui hiyo uliyo juu yake inakwenda Wajir au inakwenda kwenye zizi la mtu.

Kando ya barabara hiyo, kabla ya kufika Modogashe, aliishi habaryar wangu Qali, mdogo wake mama. Mahali penyewe tulipaita Laba Dundumo, kwa sababu ya vichuguu viwili vya mchwa vilivyosimama hapo. Hapakuwa na kisima wala duka. Palikuwa na vibanda vichache vya watu waliomalizwa na ukame wa mwaka tisini na mbili. Mifugo yao ilikwisha, wakakaa kando ya barabara kwa kuwa hawakubaki na kitu kingine cha kuchunga. Qali aliuza chai ya maziwa na anjera, mikate yetu myembamba, chini ya turubai. Mimi, Mulki, nilikwenda kumsaidia baada ya mume wangu kuniacha, na siku zile sikuwa mtu wa kuchekacheka. Hata sasa siko hivyo.

Qali alikuwa mrefu, mwembamba, na ulimi wake haukuwa na breki. Askari wa bara waliosindikiza malori wakiteremka na kulalamika kwamba chai inanuka moshi, aliwajibu kwa Kiswahili chetu cha huku, ambacho p nyingi hugeuka b: "Moshi ni ya bure. Wewe libia chai beke yake." Nao walicheka, wakaomba kikombe cha pili.

Mtoto aliyebaki naye alikuwa mmoja tu, Kadar. Mwaka ule wa ukame kijana huyo alipanda juu ya mizigo ya lori lililokuwa likirudi Nairobi, aende akatafute kazi. Lori likiwa tayari linaunguruma, alimwinamia mamaye kutoka kule juu akamwambia, "Hooyo, usihame hapa. Ukihama nitakupata wapi?"

Qali akalimeza neno hilo, halikutoka tena. Watoto wetu hawasemi hivyo. Sisi ni watu wa kuhama, na mtoto akitaka kuwapata wazazi huuliza mvua imenyesha upande gani. Lakini Kadar alijua mamaye hana tena mnyama wa kumpeleka popote. Alikuwa na barabara tu, nayo barabara, kijana alidhani, haina miguu.

Habari zake zikawa zinakuja vipandevipande. Dereva mmoja alisema yuko Isli, kule Nairobi, anabeba mizigo. Mwingine akasema amevuka kuingia Tanzania, anauza vitambaa. Kisha kimya. Kila lori liliposimama Laba Dundumo, Qali aliwatazama kwanza watu waliokaa juu ya mizigo, ndipo akamgeukia mteja. Mama yangu alikuja mwenyewe kumchukua akaishi naye Garissa, penye maji ya bomba. Hakwenda. Nikamwambia Kadar ni mtu mzima, ana mdomo, ataulizia.

"Amuulize nani?" akanijibu. "Mtoto ameniambia hapa. Basi ni hapa."

Halafu ikaja ile mvua ya mwaka tisini na saba, ya Elnino. Kwetu mvua huombwa kwa machozi, lakini ile hakuna aliyeiomba hivyo. Maji yalitanda mpaka vile vichuguu viwili vikawa visiwa. Malori yaliyothubutu kupita yalizama mpaka kwenye ekseli. Madereva wengine wakaona taabu ya nini, wakafungua njia mpya upande wa mashariki, mwinukoni, mbali nasi kwa mwendo mrefu wa punda. Tulikuwa tukisikia injini zikinguruma kule mbali, na huku birika letu limepoa. Watu wakafungasha, wakaifuata barabara mpya, vile vile walivyozoea kufuata malisho. Tukabaki sisi wawili, na mjane mmoja mzee, Ebla, na mzee Nuh mwenye punda.

Kisha ikaingia homa iliyotoka kwa mifugo. Ebla akaanza kutoka damu puani, na hospitali ilikuwa ng'ambo ya maji yote yale. Tulimshika mikono tu, hakuna kingine tulichoweza. Alipofariki tukamzika nyuma ya kibanda cha Qali, mahali palipokuwa pakavu kidogo, Nuh akamsalia, na juu ya kaburi tukarundika matawi ya miiba ili fisi wasilifukue. Unga ukawa umekwisha. Watu husema Qali alikubali kuhama. Hakukubali. Njaa ndiyo iliyokubali kwa niaba yake.

Lakini hakuondoka hivi hivi. Kwetu, familia ikihama na kuna mtu atakayefuata nyuma, huachiwa alama njiani. Njia isiyofuatwa tena huzibwa kwa tawi lililolazwa kukingama, na kando yake huwekwa tawi jingine, ncha yake ikielekea walikokwenda. Mtoto wa mfugaji huijua alama hiyo kabla hajajua kuvaa viatu. Pale njia mpya ilipochepuka kutoka ile ya zamani, upande wa Garissa, Qali alikata matawi, akayamenya magome yawe meupe, akayapanga kwa mikono yake: haya yakiziba, haya yakielekeza mwinukoni. Nikamwambia tuandike kibao, mimi najua kuandika.

"Kadar alisoma matawi kabla ya kusoma herufi," akasema. "Akiyaona tu atajua ni mkono wangu."

Sikubishana. Alama ilikuwa nzuri kweli, hata mimi niliisifu.

Kule mwinukoni tukaanza upya. Malori yalikuwepo, chai ikauzika, na Qali akamweleza kila dereva aliyesimama kwamba sasa yuko hapa. Mvua ikakoma, jua likarudi kukausha ardhi. Ndipo asubuhi moja likasimama lori la Barre.

Barre alikuwa dereva mnene wa Mandera aliyekunywa chai ya Qali miaka nenda miaka rudi. Tangu kabla ya mafuriko hatukuwa tumemwona, maana lori lake lilikuwa limekwama upande wa Nairobi. Sasa alikuwa akirudi kutoka Mandera. Aliteremka akijinyoosha, akamwona Qali ameinama juu ya jiko, akaushika mlango wa lori kwa mikono miwili.

"Audhu billahi," akasema. "Qali? Wewe si ulikufa?"

"Ningekufa ningekuuzia chai?" Qali alikuwa bado anacheka. "Kaa."

Barre hakukaa. Alitueleza akiwa amesimama vile vile. Alipokuwa akipanda kutoka Garissa, safari yake ya kwanza tangu mvua, alishika njia ya zamani aliyoizoea, maana juu ilionekana kavu. Kufika pale njia panda, tope likamdanganya, magurudumu ya nyuma yakazama.

"Abiria wote wakashuka," akasema. "Tukaona matawi yamekatwa tayari, yamelala bale bale. Nikasema alhamdulillahi, kuna dereva amebita mbele yetu akatuachia. Tukaweka yote chini ya gurudumu."

"Yote?" akauliza Qali.

"Yote. Kijana mmoja alibeba kushinda wengine, alikuwa na haraka. Alisema mama yake anakaa hapo mbele, anauza chai."

Birika lilikuwa mkononi mwa Qali. Aliliweka chini polepole.

Barre akaendelea, maana angefanya nini tena? Lori lilipotoka kwenye tope, walisogea mpaka Laba Dundumo. Turubai halipo, vibanda vimeanguka, na nyuma ya kibanda cha Qali kuna kaburi jipya lenye miiba. Kadar akamuuliza Barre ni la nani. Barre akamwambia alilolijua: kwamba homa imeua watu wengi, na kwamba mama wa chai hakuwa mtu wa kuhama, kila dereva alijua hilo.

"Sikudanganya, wallahi, walaal, ndugu yangu. Hata mimi nililia. Tukasoma Fatiha wote, abiria mzima. Kufika Modogashe akatafuta mbuzi, na siku zile mbuzi mzima ilikuwa kazi kubata. Akambata, akachinja, akatoa sadaka yako. Maskini walikula, na sisi tukakula."

Nikaanza kumuuliza Barre maswali, yote kwa pamoja. Kadar alishukia wapi? Mandera. Akaenda wapi? Alivuka mpaka. Kwa nani? Hakusema, alisema tu kwamba upande huu hana mtu tena. Nikamfokea. Nikamwita kipofu, nikamwita mla sadaka ya watu walio hai. Mimi nikiumia hupenda kupata mtu wa kumtukana, na siku ile nilimkosa, kwa sababu kila dereva angeyachukua matawi yale, na mimi mwenyewe, gurudumu likiwa limezama, ningeyachukua.

Qali alichukua kikombe, akakifuta. Kisha akauliza, "Na wewe ulikula?"

"Nilikula," akasema Barre, akitazama chini.

"Mbuzi alikuwa wa rangi gani?"

"Mweupe."

"Alinona?"

"Alinona sana."

"Alinichagulia mzuri," akasema Qali, akamtilia chai. Ni mimi niliyekwenda nyuma ya kibanda nikalia kwa hasira mpaka kichwa kikaniuma.

Tulifanya yale ambayo watu kama sisi wanaweza kufanya, nayo si mengi. Tulituma salamu kwa kila lori. Tulilipia redio ya upepo Garissa, mtu akaita Mandera, Mandera ikaita ng'ambo, na jibu likawa kwamba vijana wengi wamepita, nani atamjua Kadar gani? Barre mwenyewe huulizia mpaka leo kila anapofika mwisho wa safari. Akirudi, tunaona jibu kwenye mwendo wake kabla hajafungua kinywa.

Kiangazi kilipokaza, njia ya mwinukoni ikawa inapasua matairi kwa visiki, na malori yote yakarudi njia ya zamani. Watu wakafungasha tena. Qali naye akarudi Laba Dundumo, lakini hakujenga pale pa zamani. Alisogeza kibanda nyuma, mlango ukatazamana na kaburi la Ebla. Nikamuuliza anawezaje kupika chai mbele ya kaburi, wateja watakimbia.

"Kadar anadhani niko humu," akasema. "Hana sababu nyingine ya kurudi. Siku moja atanikumbuka, atakuja kunisomea Fatiha. Akija, anikute nimekaa hapa."

Wateja hawakukimbia. Wanakunywa chai yao, na lori jipya likisimama yeye bado hutazama kwanza watu wa juu ya mizigo. Miiba ya kaburi ikioza, hukata mingine, akaipanga vizuri kwa mikono yake, ili lisipotee.